Mtoto Mmoja, Nyumba Mbili

Kila mwaka, mwezi wa tisa unapoanza, njia za miji na vijiji vyetu vya Kongo hujaa watoto waliovaa mashati meupe na nguo za buluu. Wakubwa hutangulia mbele kwa kujivuna. Wadogo, wale wa mwaka wa kwanza, huushika mkono wa mama kwa nguvu. Wakifika mlangoni pa shule, mama huutoa mkono wake polepole, na mwalimu huupokea ule mkono mdogo. Tangu saa ile mtoto ana nyumba mbili: nyumba ya wazazi wake na nyumba ya shule.

Lakini mtoto mwenyewe ni mmoja. Hana moyo wa nyumbani na moyo mwingine wa shuleni. Lile analolisikia asubuhi mbele ya ubao, na lile analoliona jioni karibu na mafiga, yote mawili huingia katika roho moja. Ndiyo sababu yatupasa, ninyi wazazi na sisi walimu, kujiuliza neno moja zito: je, nyumba hizi mbili zinasema neno moja?

Mafundisho mawili kwa siku mbili

Tuchukue mfano unaojulikana na watu wote. Mtu anakuja kudai fedha aliyokopesha. Baba amemwona dirishani. Anamwita mtoto wake wa miaka saba, anamnong'oneza: "Nenda umwambie baba hayuko, amesafiri." Mtoto anakwenda, anasema kama alivyoagizwa, na mwenye kudai anarudi zake. Baba anacheka, anampapasa mtoto kichwani: "Wewe una akili kweli." Kesho yake asubuhi mwalimu anaandika ubaoni amri ya nane ya Mungu, ile inayokataza uongo. Darasa zima linaikariri kwa sauti moja. Yule mtoto anaikariri pamoja na wenzake, tena vizuri, na mwalimu anampa pointi kumi kwa kumi.

Sasa mtoto huyu amejifunza nini? Watu wengi hudhani kwamba atachagua mmoja katika hao wawili: atamfuata baba, au atamfuata mwalimu. Sivyo. Mtoto mdogo anawapenda wote wawili na kuwaamini, wala hana nguvu ya kumhukumu hata mmoja. Basi hutafuta namna ya kuwaweka wote wawili moyoni mwake, na namna anayoipata ni hii: kuna maneno ya ubaoni, na kuna maneno ya maisha. Maneno ya ubaoni hukaririwa ili kupata pointi. Maneno ya maisha ndiyo hutendwa. Hapo mtoto hakujifunza uongo mmoja tu. Amejifunza kuwa mtu mwenye nyuso mbili. Na dini ya Mungu, bila mtu kukusudia, imewekwa upande wa ubao.

Ndugu wasomaji, mara ngapi tunawaona watu wakubwa wanaoimba vizuri kanisani siku ya Mungu, na kesho yake wanadai matabishi kazini bila moyo kuwapiga? Tunashangaa, tunasema: "Mbona huyu alisoma katekisimu yote?" Ndiyo, aliisoma. Huenda alikuwa mwanafunzi mwema wa nyumba mbili zisizopatana.

Kosa si la nyumba moja

Wazazi wasidhani kwamba tunawashitaki wao peke yao. Shule nayo ina nyuso zake mbili. Mwalimu anafundisha haki, kisha anampandishia pointi mtoto ambaye jamaa yake imeleta kuku au bahasha. Mwalimu anasikia mkaguzi anakuja, anawaambia watoto: "Akiwauliza, semeni kwamba somo hili tumekwisha kulimaliza." Mwalimu anafika saa tatu, lakini daftari la kazi linasema alifika saa moja na nusu, na watoto wote waliokuwa wakimngoja uwanjani wanajua. Mwalimu wa namna hiyo anaweza kueleza amri kumi za Mungu mwaka mzima. Darasa lake limekwisha kuipokea amri ya kumi na moja, nayo yasema: usionekane.

Kuna na kosa jingine la sisi walimu, dogo kwa macho, kubwa kwa madhara. Ni kumcheka mtoto mbele ya wenzake kwa sababu mama yake hajui kusoma, au kwa sababu baba yake anasema Kifaransa cha kuvunjika. Mtoto yule anarudi nyumbani na aibu. Jioni mama anamwita wasali pamoja, naye anamtazama mama kwa macho mengine. Mwalimu alidhani amefanya mzaha. Kumbe ameibomoa ile altare ndogo ambayo mama alikuwa akiijenga tangu siku ya kuzaliwa kwa mtoto.

Na wazazi nao huibomoa ya mwalimu. Wanakaa mezani, watoto wakisikia, wanasema: "Mwalimu yule hana akili, anatafuta tumbo lake tu." Kesho mwalimu huyo huyo anamfundisha mtoto kujitayarisha kwa Komunyo ya kwanza. Atasikilizwa kwa masikio gani? Wazee wetu walisema: fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Katika ugomvi wa wazazi na walimu, nyasi ni mtoto.

Neno la Eklezya

Eklezya haikutuacha bila mwanga. Tarehe 31 Desemba 1929, Baba Mtakatifu Pio XI alitoa barua yake kubwa, Divini Illius Magistri, juu ya malezi ya Kikristu ya vijana. Alieleza kwamba jamii tatu zina sehemu katika kazi hii, yaani jamaa, Eklezya na serikali, na kwamba zimepangwa na Mungu zipatane, zisishindane. Tarehe 28 Oktoba 1965, Maaskofu waliokusanyika katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano walitoa tamko lao juu ya malezi, Gravissimum Educationis. Humo walikumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu, na kwamba kazi yao ikikosekana ni shida sana kupata kitu cha kujaza pengo lake.

Kisha Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983, katika kanuni yake ya 796, ilitaja jambo lenyewe waziwazi. Wazazi washirikiane kwa karibu na walimu waliowakabidhi watoto wao. Walimu nao washirikiane kwa karibu na wazazi, tena wawasikilize kwa moyo mwema. Vyama au mikutano ya wazazi viundwe, na kupewa heshima kubwa. Tuangalie vizuri: sheria haikusema wazazi wanyamaze mbele ya mwalimu, wala haikumfanya mwalimu kuwa mtumishi wa kuamrishwa na kila mzazi. Imewaamuru wote wawili washirikiane, na imemwamuru mwalimu asikilize.

Tukumbuke tena umri wa mtoto. Tarehe 8 Agosti 1910, Baba Mtakatifu Pio X, katika amri iitwayo Quam singulari, alitangaza kwamba mtoto huanza kupambanua mambo kwa akili kama kwenye miaka saba, naye aweza kukaribia Kitubio na Komunyo. Lakini mtoto wetu huingia mwaka wa kwanza akiwa na miaka sita. Basi kabla mwalimu hajaandika herufi ya kwanza ubaoni, nyumba imekwisha kufundisha miaka sita mizima: namna ya kuomba, namna ya kushukuru, namna ya kuomba radhi, namna ya kusema kweli au kuificha. Mwalimu halimi shamba jipya. Anaingia katika shamba lililokwisha kupandwa, na yafaa aulize ni mbegu gani iliyomo.

Historia ya nchi yetu yatufundisha

Kwa nini basi wazazi wengi wa Kongo wamezoea kuiachia shule mambo yote ya Mungu? Desturi hii ina mizizi. Tarehe 26 Mei 1906, Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II na Kiti Kitakatifu cha Roma walifanya mapatano: misioni zikapewa ardhi, nazo zikaahidi kufungua shule. Shule hizo zikaongezeka, hata nchi ilipopata uhuru mwaka 1960 sehemu kubwa ya wanafunzi walikuwa katika shule za misioni. Wengi katika babu na nyanya zetu walimjua Yezu Kristu shuleni, si nyumbani, kwa maana wazazi wao hawakuwa wamebatizwa bado. Wakati ule ilikuwa haki kusema: "Mambo ya Mungu anayajua padri na mwalimu." Lakini siku zimegeuka. Nyumba ambazo zamani hazikuwa za Kikristu leo zina msalaba ukutani, na bado neno lile lile linasemwa.

Kisha likaja jaribu. Tarehe 30 Desemba 1974, serikali ya Mobutu ilizichukua shule zote mikononi mwake, na somo la dini likaondolewa katika madarasa. Mtoto aliyekuwa na dini ya daftari tu alibaki bila kitu. Lakini katika nyumba ambamo mama alikuwa akiushika mkono wa mtoto kila jioni na kumfundisha ishara ya msalaba, amri ile ya serikali haikupata mlango wa kuingilia. Tarehe 26 Februari 1977 mapatano mapya yakatiwa sahihi, na uongozi wa shule nyingi ukarudishwa kwa Makanisa. Hata leo shule zetu za Kikatoliki zinafuata mapatano hayo. Tusisahau fundisho la miaka ile: kilichojengwa shuleni peke yake chaweza kufungwa kwa karatasi moja, kwa siku moja. Na huku kwetu mashariki, ambako vita vimefunga shule nyingi na kuwakimbiza watu na watoto wao mara kwa mara, hatuhitaji mtu wa kutueleza hayo. Katika kambi ya wakimbizi, mara nyingi darasa la kwanza la dini ni goti la mama.

Jaribu la tatu lilikuwa la fedha. Katika miaka ya 1990 serikali haikuwalipa tena walimu mshahara wa kuwatosha, na wazazi ndio waliobeba mzigo huo ili shule zisife. Wazazi walifanya kazi kubwa, nayo yastahili sifa. Lakini urafiki ulipata kidonda. Mzazi akaanza kumtazama mwalimu kama mfanyabiashara, mwalimu akaanza kumtazama mzazi kama mfuko. Mtoto akafukuzwa darasani kwa ajili ya minervale, akarudi nyumbani akilia, na nyumba mbili zikachukiana juu ya kichwa chake. Tangu mwezi wa tisa wa mwaka 2019 serikali ilianza kutekeleza masomo ya msingi bila malipo katika shule za umma, kama katiba ya mwaka 2006 ilivyoagiza. Hata hivyo kidonda hakijapona chote. Mpaka leo mzazi akipata barua ya kuitwa shuleni, neno lake la kwanza ni: "Wanataka fedha gani tena?"

Kalamu moja

Tuache sasa mambo makubwa, tutazame jambo dogo, kwa maana roho ya mtoto hulelewa na mambo madogo. Mtoto wa mwaka wa pili anarudi nyumbani na kalamu ya rangi isiyo yake. Mama anaiona katika mfuko wake. Njia tatu ziko mbele yake.

Njia ya kwanza ni kunyamaza, au kusema: "Umepata bahati." Mtoto anajifunza kwamba mali ya mwenzake ni bahati yake.

Njia ya pili ni kumpiga sana, bila swali na bila maneno. Mtoto anajifunza kwamba kosa lake ni kuacha kalamu mahali inapoonekana. Mara nyingine ataificha vizuri zaidi. Uongo mwingi wa watoto wadogo hautoki katika ubaya wa moyo. Unatoka katika woga. Mtoto akijua kwamba kusema kweli na kusema uongo vyote viwili huleta fimbo ile ile, atachagua uongo, kwa maana uongo humpa walau nafasi ya kupona.

Njia ya tatu ni ndefu kidogo. Mama anakaa chini, anauliza kwa upole: "Kalamu hii ni ya nani?" Mtoto anasita, kisha anasema kweli. Mama anamwambia: "Umefanya vema kusema. Kesho tutairudisha pamoja." Asubuhi anampeleka shuleni, na mtoto mwenyewe, kwa mkono wake, anaitoa.

Na hapa kazi yote ya mama inamtegemea mwalimu. Mwalimu akipaza sauti mbele ya darasa: "Kumbe wewe ni mwizi!", mama atakuwa amefanya kazi bure. Mtoto atajua kwamba ukweli wa nyumbani huleta aibu shuleni, na hatausema tena. Lakini mwalimu akimwita pembeni, akapokea kalamu, akamwambia, "Mwombe mwenzako radhi, kisha rudi ukae mahali pako, leo umekuwa mtu wa kweli," basi nyumba mbili zimesema neno moja. Mtoto yule ameijua amri ya saba na ya nane kuliko kama angezikariri mara mia. Tena ametayarishwa kwa sakramenti ya Kitubio: anajua tayari namna ya kuungama kosa, kurudisha kilichochukuliwa, na kwenda zake kwa amani.

Yanayowezekana mwaka huu

Mtu atasema: "Hayo ni mazuri, lakini sisi hatukusoma, tutasaidianaje na mwalimu?" Tunajibu: mambo yanayotakiwa hayahitaji diploma.

Kwanza, wazazi waende kumsalimu mwalimu kabla ya shida yoyote. Katika juma la kwanza la masomo, baba au mama afike, aseme jina lake na jina la mtoto wake, aeleze tabia yake: huyu ni mwoga, huyu ana hasira, huyu alifiwa na nyanya yake mwaka huu. Maneno machache kama hayo yatamsaidia mwalimu kuliko kitabu kinene. Mgeni aliyekwisha kusalimiwa si mgeni tena. Siku ya matata mtasemezana kama ndugu.

Pili, kila jioni mtoto aulizwe: "Mwalimu wa dini amewafundisha nini?" Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza. Mtoto akimweleza mama yake habari za Yezu katika lugha ya nyumbani, somo linatoka ubaoni na kuingia nyumbani. Kisha jamaa yote isali pamoja, hata kama ni sala fupi, hata kama baba amechoka. Mtoto anayemwona baba yake akipiga magoti amepewa fundisho ambalo hakuna mwalimu awezaye kulitoa.

Tatu, ugomvi usifanywe mbele ya mtoto. Mzazi akiona mwalimu amekosea, amfuate mwenyewe, wawili peke yao, kama Bwana wetu alivyoagiza juu ya ndugu aliyekosa. Lisipokwisha, aende kwa mkubwa wa shule. Halikadhalika mwalimu asimtume mtoto apeleke maneno makali kwa baba yake. Mtoto si mjumbe wa vita.

Nne, mwalimu atembelee nyumba. Huku kwetu Wakristu hukutana katika mashirika, zile jumuiya ndogo za ujirani. Mwalimu Mkristu akihudhuria shirika la mtaa, atawaona wazazi wakiwa katika sala, bila meza kati yao na bila karatasi za deni. Ataona na nyumba ambamo taa hukosa mafuta, na atajua kwa nini mtoto fulani hamalizi kazi yake ya jioni.

Tano, komite ya wazazi isizungumze fedha na mabati peke yake. Katika kila mkutano iweke swali moja juu ya roho za watoto: mwaka huu tunataka watoto wetu wajifunze fadhila gani, nyumbani na shuleni kwa pamoja? Mwaka mmoja ukweli, mwaka mwingine usafi wa maneno, mwaka mwingine kuwahurumia maskini. Neno moja likisemwa na vinywa vyote, mtoto atalisikia.

Watakuwa watu gani?

Labda mtu bado anaona kwamba kalamu na mdai wa fedha ni mambo madogo mno. Basi aende Goma, aulize habari za Floribert Bwana Chui. Alizaliwa katika mji huo mwaka 1981, akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Vyakula vilivyoharibika vililetwa, na watu walitaka avipitishe. Alipewa ahadi ya fedha. Akakataa, kwa maana watu wangekula na kuumwa. Mwezi wa saba wa mwaka 2007 alikamatwa na watu wabaya, akateswa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Eklezya ilimtangaza kuwa Mwenyeheri.

Hapo mpakani hakukuwa na ubao, wala mwalimu, wala mama. Kulikuwa na mtu mmoja, fedha mkononi mwa mwingine, na dhamiri. Kila mtoto tunayemlea atafika siku moja mahali kama hapo, awe muuguzi, askari, mchuuzi, hakimu au mwalimu. Saa ile hataweza kukimbia kutuuliza. Atakuwa na kile tu tulichokipanda sisi wote wawili alipokuwa bado mdogo. Akiwa na moyo mmoja, atasimama. Akiwa na nyuso mbili, atatoa ule unaomfaa siku hiyo.

Mkono mmoja haulei mwana, walisema wazee. Nasi tuongeze: mikono miwili inayovutana hulegeza hata kile kilichofungwa vizuri. Wazazi wapenzi, juma hili, kabla ya siku ya Mungu, mmoja wenu apite shuleni amsalimu mwalimu wa mtoto wake. Na wewe mwalimu mwenzangu, ukimwona mlangoni, usimngoje akusogelee. Inuka, umpokee, umpe kiti. Jamaa Takatifu ya Nazareti, ambamo Yezu alikua katika hekima mbele ya Mungu na mbele ya watu, ituombee sisi sote.